Miaka Yangu Nyuma ya Leta

Vijana wa ofisi wameniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimewajibu kwamba kichwa changu bado ni kizima, kilichochoka ni magoti. Hawakucheka. Waliniletea kalamu mbili, wakanitengea meza karibu na dirisha, basi nikaona wamekusudia. Vyeo sitavitaja, na mishahara pia sitaitaja, maana aliyekuwepo anajua hakuna cha kutaja. Nitaeleza tulivyoanza, tulivyokuwa tukifanya kazi, na mtu mmoja aliyenifundisha kazi hiyo, ambaye mpaka leo sijamaliza kumlilia.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja bandarini, hapa Kalemie. Baba alikuwa mtu wa reli, mama alikuwa akiuza samaki aina ya mgebuka sokoni, na nyumbani kwetu saa za gari moshi na saa za mitumbwi zilikuwa zikigombana kila siku. Siku moja akaingia mzee mwembamba aliyevaa sweta ya sufu katika joto lililokuwa likitutoa jasho sote. Huyo ndiye Papa Lumbwe. Alizaliwa Kirungu, kule milimani upande wa Moba, ambako asubuhi watu huota moto kabla ya kusalimiana, na sweta ile hakuiacha tangu aondoke kwao. Alitaka kuchapiwa karatasi za kufungua shirika. Nilichapa vizuri mpaka nikafika mahali pa kusudi la shirika, mikono ikasimama.

"Papa, shirika hii itafanya kazi gani?"

"Itasaidia Leta ifanye kazi yake."

Leta ndilo jina tunaloiitia Serikali kwetu, kuanzia gavana mpaka karani wa mwisho mwenye mlango usiofunga.

"Na Leta yenyewe inajua?"

"Bado. Tutaenda kuiambia polepole."

Nilicheka hadi mkuu wangu akachungulia. Papa Lumbwe hakukasirika. Alivuta kiti, akanieleza. Alianza kazi akiwa mtu wa afya na usafi wa Serikali, kisha vita vilipokuja akafanya kazi na miradi iliyotoka mbali. Miradi ile ilikuja na magari, jenereta na mbao kubwa zenye majina yao. Iliwasaidia watu kweli, hilo hakulikana. Lakini ilipomaliza muda wake iliondoka na magari, ikaondoka na jenereta, ikaondoka hata na viti ambavyo watu wa Leta walikuwa wamezoea kukalia. Zilibaki zile mbao. Na mwananchi aliyekuwa akipata maji safi alirudi ziwani na ndoo yake, akiuliza mradi mwingine utakuja lini, wala hakufikiria kuiuliza Serikali, kwa sababu hakuwahi kuiona ikifanya kitu. Papa Lumbwe alitaka shirika litakalosimama nyuma ya Serikali, liitengeneze kuanzia ndani, ofisi moja baada ya nyingine, mpaka watu wazoee kuidai. Niliacha kazi ya bandari mwezi uliofuata. Mama hakunisemesha kwa siku kadhaa, kisha akauliza tu kama yule mwenye sweta juani alikuwa na akili timamu.

Jina letu kamili lilikuwa refu, la Kifaransa, na sikumbuki lilimsaidia nani. Watu walituita "wale ya nyuma".

Siku yangu ya kwanza nilitaka kumfurahisha. Nilikuwa nimempelekea fundi vitambaa, akatushonea fulana mbili nyeupe zenye jina la shirika kifuani, herufi za kijani. Papa Lumbwe aliipokea yake kwa mikono miwili, akaisifu, akaigeuza nje ndani, akaivaa hivyohivyo chini ya sweta.

"Ni kitambaa kizuri, Mama Riziki," akasema. "Watu wakisoma jina letu, watakuja kwetu. Siye tunataka waende kwa Leta."

Yangu nilimpa dada yangu. Aliivaa shambani mpaka ikaisha, na nadhani yeye ndiye tangazo pekee tulilowahi kuwa nalo.

Alinifundisha namna ya kuingia katika ofisi ya Serikali, nami nimewafundisha ninyi, lakini nitarudia kwa sababu nawaona mnaanza kuingia na simu mkononi. Bisha hodi hata kama mlango uko wazi, hata kama hakuna mlango. Kaa kwenye kiti cha wageni, hata kama kimevunjika, na kama kimevunjika usikitazame. Kompyuta ibaki ndani ya mfuko mpaka mkuu mwenyewe aulize ile ni nini. Usiseme "ninyi hamna", sema "hatuna". Karatasi ukimwandikia, jina lako lisiwemo, na uache kosa moja dogo mahali panapoonekana, ili apate la kusahihisha. Mkuu asiyepata la kusahihisha huona karatasi si yake, na karatasi isiyo yake hailali mezani, inalala kabatini. Mambo haya yanaonekana kama ya kuchekesha. Kwa njia hiyo tuliifanya ofisi ya uandikishaji ishuke ufukoni kuandika watoto wa wavuvi.

Wavuvi hao wengi walitoka pwani ya kaskazini, na kati ya watoto wao waliokua hapa hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi ya kuzaliwa. Karani wa kuandikisha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikaa ofisini akiwangoja, nao walikuwa ziwani, na kila upande uliona mwingine ni mvivu. Tulichofanya ni kumshawishi mkuu wake ahamishe meza kwenda kwenye mwalo wa samaki siku za mwezi mkubwa, wakati mitumbwi haiendi kuvua. Karani alirudi na wino umekwisha na mfuko wa ndakala, dagaa wetu wa hapa, begani. Mkuu alisema redioni kwamba ni wazo lake. Tulimsikiliza tukiwa ofisini kwetu, na Papa Lumbwe aliongeza sauti ya redio.

Sasa nifike kwenye kazi ya maji, ambayo ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, na ndiyo iliyonichukulia Papa Lumbwe.

Kolera ilikuwa ikija karibu kila msimu wa mvua. Mnajua namna ya kuizuia pale ambapo bomba halifiki: mtu anasimama mahali wanawake wanapochota, ana ndoo ya dawa ya klore na bomba la sindano lisilo na sindano, na kila bidoni, yaani dumu la maji, inayotoka ziwani inapata kipimo chake. Mwenye bidoni anatikisa, anangoja nusu saa nyumbani, anakunywa. Halafu jioni mwingine anapita majumbani na kile kisanduku kidogo cha kupimia. Unateka maji ya mtungini, unatia kidonge, ukiona rangi ya waridi maji ni mazuri, yasipobadilika kuna mtu amedanganya. Ni kazi nyepesi kueleza. Kuifanya kila asubuhi, mvua ikikupiga na miguu ikiwa majini, huku wanawake wanakuambia dawa yako inaharibu chai, ni jambo jingine.

Kazi hiyo ilikuwa ya ofisi ya usafi ya mtaa, na kiongozi wa mawakala, wale wanaosimama na ndoo za dawa, alikuwa Yuma. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mabega ya mbeba mizigo na aibu ya bibi harusi. Alijua dawa, alijua vipimo, lakini alipofika ufukoni alisimama nyuma ya Papa Lumbwe kama amemsindikiza. Wanawake wakamzoea Papa Lumbwe. Siku moja katika mkutano wa mtaa, baada ya msimu uliopita bila wagonjwa wengi, akasimama Mama Bitisho. Huyu alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa kaskazini, na sauti yake ilikuwa inatangulia kufika kabla yake.

"Aksanti sana, Papa Lumbwe. Watoto yetu wako wazima."

"Mimi hapana, Mama," akajibu. "Aksanti mupatie Leta. Leta njo huyu hapa."

Akamshika Yuma mkono, akamvuta mbele. Yuma alitamani ardhi ifunguke. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na kuanzia siku hiyo watoto wa ufukoni walimwita Papa Leta, naye akiwa hajaoa bado. Tulinunua kitambaa cha bluu, ofisi ya usafi ikawashonea mawakala jile, ile nguo ya kazi isiyo na mikono, na mgongoni ikaandikwa jina la ofisi yao. Yuma aliivaa hata Jumapili. Alianza kusimama mbele. Alianza kukemea. Mwanamke aliyepita pembeni na bidoni isiyotiwa dawa aliitwa kwa jina la mume wake, tena kwa sauti. Papa Lumbwe alikuwa akikaa mbali juu ya jiwe, anamtazama, na nilijua anafurahi kwa sababu hakuwa anasema kitu. Mzee yule hakuwa na mtoto. Sitaki kusema zaidi ya hapo, lakini kila aliyewaona wakitembea pamoja alijua.

Miaka ikapita vizuri. Yuma akaoa. Kisha ukaja msimu ambao mawakala walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Mvua zilikuwa zimeanza na ziwa limepanda mpaka kwenye nyumba za chini. Yuma alikuja ofisini kwetu asubuhi, hakukaa.

"Papa, tunaacha kazi. Miezi na miezi hatulipwe. Ku duka hawanikopeshe tena hata sabuni."

"Muko na haki," Papa Lumbwe akasema.

"Basi usitie mukono, Papa. Ukitia mukono yako, wakubwa watasema kazi inaendelea, na siye hatuna faida. Ni hiyo tu nakuomba."

"Sitatia."

Yuma alivua jile, akaitundika kwenye msumari wetu nyuma ya mlango, pale alipozoea kuitundika mvua ikimnyeshea, akaondoka na shati lake.

Wanawake waliendelea kuchota, maana kiu haigomi. Kwanza tulisikia kuna mgonjwa nyumba za chini, kisha wengine, kisha mtoto wa jirani wa Mama Bitisho akafariki kabla hawajafika naye kwenye matibabu. Papa Lumbwe alikwenda kwa wakubwa kila siku kuwaombea mawakala walipwe. Nilikwenda naye. Tulibisha hodi, tulikaa kwenye viti vilivyovunjika, tulisema "hatuna". Tuliambiwa jambo linashughulikiwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilimwona akitoka katika ofisi ya Leta bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta anachanganya dawa. Alikuwa amevaa jile ya Yuma juu ya sweta yake.

"Papa, ulimwahidi."

"Nilimuahidi," akasema. "Na mutoto alikufa."

"Basi nenda na nguo zako. Kwa nini uvae yake?"

Alinieleza akiwa ameinama juu ya ndoo. Akienda na nguo zake, watu watasema wale ya nyuma wamekuja, Leta imetutupa. Watazoea. Siku Yuma akirudi atakuta hakuna anayemsikiliza, kazi ya miaka yote imekwisha, na yeye Yuma amerudi kuwa yule kijana wa kusimama nyuma. Lakini wakiona bluu tu kwa mbali, watapanga bidoni zao kama kawaida, na nafasi ya Yuma itabaki ya Yuma. Alitaka kumtunzia mahali pake. Nililielewa jambo lile, na bado lilinitia hofu, nikamwambia. Alinipa ndoo ya pili nibebe.

Tulifanya hivyo kila asubuhi, mvua ikinyesha. Maji ya ziwa yalimfika magotini, na nilisikia kutoka kwa majirani zake kwamba usiku anakohoa. Nilimwambia anipishe zamu. Alisema jile ni moja.

Habari zilimfikia Yuma kwa njia mbaya kuliko zote. Alikuja ufukoni na wenzake wawili, akapita katikati ya mstari wa wanawake, akasimama mbele ya Papa Lumbwe.

"Papa, toa jile yangu."

"Niliivaa juu yako, Yuma, kwa ajili yako. Watu wasiseme Leta iliwaacha."

"Juu yangu? Asubuhi hii mukubwa alituambia: muone, ku ziwa kuko mutu wa jile, kazi inaendelea, muende mulale. Njo vile alituambia. Ni juu yako, Papa, sababu yako! Wewe mwenyewe!"

Alikuwa na hasira, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. Alikuwa na haki. Papa Lumbwe naye alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimesimama kati yao na ndoo. Papa Lumbwe alivua jile polepole, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. Yuma aliichukua, akaondoka bila kutazama nyuma.

Nilibaki kuokota vitu, nikapanda na ndoo tupu kwenda kuchukua dawa nyingine. Niliporudi nilimkuta Papa Lumbwe anazungumza na wanawake kwa sauti ya chini, na aliponiona akaacha. Akaendelea na bidoni, safari hii na sweta yake peke yake, imelowa.

Hakudumu. Kikohozi kilishuka kifuani, homa ikapanda, tukampeleka hospitali. Walimhudumia vizuri, lakini alikuwa mzee na alikuwa amesimama majini muda mrefu mno. Siku alipokuwa bado anaweza kusema aliniuliza kama Yuma amepata habari. Nilikwenda kwa Yuma mwenyewe. Mkewe alinipokea mlangoni, akaniambia ametoka, haijulikani alikokwenda. Niliongea naye pale kizingitini kwa muda. Nilimwambia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nalia, kwamba Papa anamwulizia, na kwamba akichelewa hatamkuta. Nikarudi hospitali nikakaa upande wa mlango, kila aliyeingia namtazama. Papa Lumbwe alikufa alfajiri, na Yuma hakuja.

Kwenye kilio hakukuwa na bluu hata moja. Mawakala wote aliowafundisha, wengine aliwashika mkono kuwaonyesha kipimo, hawakuja. Waliona kuja ni kukubali kwamba alifanya sawa. Kutoka Serikalini alikuja yule karani wa kuandika watoto, akakaa nyuma. Nilikasirika kiasi kwamba nilishindwa kula. Tulikuwa tumefanya kazi tusijulikane, na kweli hatukujulikana, na sasa amelala pale mtu mwema kuliko wote niliowajua na viti viko tupu.

Kisha wakaja wanawake wa ufukoni. Walikuja wote, na harufu yao ya samaki, wakajaza ua mpaka barabarani. Mama Bitisho alikaa kando yangu kwenye mkeka.

"Ile jile ilimufika ku magoti," akasema. "Na sweta ilikuwa inaonekana. Unafikiri hatukumujua?"

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Mama. Tulinyamaza kwa sababu alikuwa anapenda tuamini."

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti. Alinishika mkono akangoja nimalize, ndipo akaniambia nilichokuwa sijakisikia. Siku ile Yuma alipoondoka na jile yake, nami nilipopanda kuchukua dawa, Papa Lumbwe aliwageukia na kuwaomba kitu.

"Alituambia: siku Yuma atarudi, musimuulize alikuwa wapi. Mumupatie bidoni tu. Tukamuitikia."

Mgomo ulikwisha majuma machache baadaye. Walipewa kidogo na kuahidiwa kikubwa. Nilikwenda ufukoni asubuhi ya kwanza, nikasimama mbali. Yuma alifika na ndoo na jile yake, akapanga vitu vyake, hakuinua macho. Mama Bitisho alikuwa wa kwanza katika mstari. Alimpa bidoni yake.

"Yambo, Papa Leta," akasema.

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kama vile hapakuwa na kitu chochote kilichotokea. Nilisema moyoni kwamba mzee ameshinda. Nafasi ilikuwa imetunzwa, hapakuwa na hata ufa. Nilirudi ofisini nikafanya kazi, na sikujisikia kushinda.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Shirika lilibaki mikononi mwangu na mwenu ninyi mliokuja. Kabalo walituita, tukafanya kazi na watu wa afya wa pale kwenye njia panda ya reli na mto. Watu wa mji wa Bendera nao walituita. Yuma alikuja kuwa mkuu wa ofisi ya usafi, na ni mkuu mzuri, mkali kwa maji, mpole kwa watu. Tulifanya kazi pamoja kila msimu wa mvua, tukigawana dawa na habari. Jina la Papa Lumbwe halikutajwa kati yetu hata mara moja. Mimi nilidhani ni heshima. Yeye alidhani ni hasira yangu, na kwa muda mrefu hakukosea.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia sherehe, mkasema maneno, mkanipa kitenge ambacho ni kizuri kweli. Mkaondoka kuwahi mvua. Nilikuwa nafunga madirisha Yuma alipoingia. Amenenepa siku hizi na anavaa miwani. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Mama Riziki, uko unaenda, na kuko kitu sijasema na mutu."

"Sema, Yuma."

"Ile siku nilirudi ku ziwa, nilikuwa nimetayarisha maneno. Usiku muzima sikulala, niliyapanga. Nilijua Mama Bitisho njo ataniuliza wa kwanza: Yuma, ulikuwa wapi? Nilikuwa nataka aniulize mbele ya wote, anitukane hata. Akanipatia bidoni. Akaniambia yambo. Nikasema basi, wa pili ataniuliza." Alivua miwani. "Ninangojea mpaka leo, Mama. Hakuna mutu alishaniuliza."

Nikamwambia. Nilimweleza maneno ya Papa Lumbwe kama Mama Bitisho alivyoniambia kwenye mkeka. Sikuongeza wala sikupunguza. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Alitaka kunilinda," akasema.

"Njo vile."

"Alikosea, Mama."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu Papa Lumbwe. Tulikuwa tumejifunza vizuri mno kuifunika Leta isiaibike. Tulimfunika na Yuma humohumo, na mtu aliyefunikwa namna ile hana pa kuombea msamaha.

"Basi uniulize wewe," akasema.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Nilivuta kiti changu karibu na chake, nikakaa.

"Yuma, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku nyumba," akasema. "Ile siku ulikuja kuniita, nilikuwa mu chumba, nimekaa ku kitanda. Nilisikia yote, Mama. Nilikuwa nimeshavaa viatu."